Fanya tena au fanya upya? Kulielewa neno "redo"

Mgeni akimpelekea fundi cherehani wa Arusha gauni la kitenge linalobana mabegani, akasema "redo it", kijana anayewatafsiria ana kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Akimwambia fundi "anataka urudie", fundi anaweza kukata kitambaa kingine akashona gauni la pili lenye mabega yale yale. Akisema "anataka ulirekebishe", fundi ataachia mshono kidogo kwapani, apige pasi, alikunje. Kumbe mgeni alitaka gauni lifumuliwe, apimwe tena mabega, kisha lishonwe upya. Kila mmoja wao amesikia vizuri. Shida iko kwenye daraja lililowekwa kati yao.

Kwa miji yetu hii, Arusha na Moshi, neno hilo si geni. Liko kwenye ofisi za utalii, gereji, vyuoni, hospitalini na kwenye korido za mikutano. Na karibu kila linapotua, sisi hulijibu kwa neno moja tu: rudia. Naamini hapo tunajipunja. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuigawa kazi ya "redo" vizuri kuliko Kiingereza chenyewe, ila hatuyachagui. Tunachukua la kwanza lililo mdomoni.

Ninachopendekeza ni kuuliza swali moja kabla ya kutafsiri: ile kazi ya kwanza inakwenda wapi? Inatupwa? Inabaki pale ilipo na nyingine inaongezwa pembeni yake? Au iliondolewa na sasa inarudishwa? Ukishajibu hilo, neno la Kiswahili linakuja lenyewe.

Tuanze na rudia. Mzizi wake ni rudi, neno lililotoka Kiarabu, nalo likiongezewa kauli ya kutendea linakuwa rudia: kurudi kwenye kitu fulani. Maana yake ya awali ni ya mwendo. Mkulima anayepakana na hifadhi akisema "tembo wamerudia mahindi", maana yake wamekuja tena pale pale walipokula juzi. Wapenzi walioachana wakirudiana, uhusiano unaoendelea ni ule ule wenye historia yake. Timu zikicheza mechi ya marudiano, matokeo ya mechi ya kwanza bado yanahesabika, na mabao yake yanajumlishwa. Hata mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni akilia "sitarudia tena, mama", anaahidi kutolirudia kosa ambalo limeshatendeka na halifutiki. Kote huko la kwanza lipo. Rudia hailifuti.

"Redo" mara nyingi inalifuta. Kiingereza kina neno jingine, "repeat", kwa ajili ya kufanya jambo lile lile kwa mara nyingine bila kuligusa la kwanza. "Redo" linasema kazi ya kwanza haikutosha, iondoe, weka nyingine mahali pake. Ndiyo maana Mwingereza anaweza kusema ame-"redo" jiko lake akimaanisha amebomoa makabati, amebadili vigae na kupiga rangi. Ukimwambia jirani yako wa Moshi kwamba fulani "amerudia jiko", atadhani alikuwa ameacha kupika akaanza tena. Hapo sema amelikarabati jiko, au amelitengeneza upya. Vivyo hivyo kwa nywele: amefumua, akasuka upya. Neno kufumua ni zuri mno kwa kazi hii, kwa sababu linaonyesha wazi kwamba kitu cha kwanza kimevunjwa kabla ya cha pili kuanza.

Sasa tena na upya. Maneno haya mawili tunayatumia kila siku kwa usahihi kamili bila kufikiri, lakini tukianza kutafsiri tunayachanganya. Angalia jikoni. Mama akimwambia binti yake "kesho pika wali tena", wali wa leo ulikuwa mtamu au angalau umeliwa. Akisema "pika wali upya", binti anajua kwamba ule uliomo sufuriani umeungua au umezidi chumvi, na unakwenda kwa kuku. Kitenzi ni kile kile, chakula ni kile kile, lakini neno moja la mwisho limeamua hatima ya sufuria nzima. Tena huhesabu: imefanyika, sasa inafanyika mara nyingine. Upya hutazama hali: unaanza kama vile haijafanyika. Limetokana na -pya, mzizi wa Kibantu, na bado limebeba harufu ya kitu ambacho hakijatumika.

Wapo wanaoikemea "rudia tena" wakisema tena hapo ni ya ziada. Mimi siwaungi mkono. Mwalimu akisema "rudia tena", darasa zima linaelewa kwamba anataka kusikia mara nyingine na kwamba ameanza kuchoka. Lugha haipungukiwi kitu kwa msisitizo. Kinachonisumbua ni mtu kuandika "tulirudia ripoti" wakati ripoti ya kwanza ilitupwa na nyingine ikaandikwa kuanzia ukurasa wa kwanza. Msomaji atadhani kuna ripoti mbili zinazofanana.

Mahali ambapo tofauti hii imepimwa kwa moto ni kwenye uchaguzi. Zanzibar, matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 25, 2015 yalifutwa siku tatu baadaye, na Machi 20, 2016 watu wakaitwa tena vituoni. Tuliuita uchaguzi wa marudio, jina lililokwishazoeleka. Kenya nayo, Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017, na kura zikapigwa tena Oktoba 26. Lakini katiba ya Kenya, ibara ya 140, haisemi kurudia. Kwa Kiingereza inasema uchaguzi mpya ufanyike ndani ya siku 60. Neno hilo likazaa ubishi mkali. Raila Odinga alipojiondoa Oktoba 10, upande wake ulisema ni lazima kuanza tangu uteuzi wa wagombea, maana kipya ni kipya. Tume ikaendelea na tarehe yake. Ukilitazama kwa macho ya Kiswahili, walikuwa wanabishania tena na upya: je, tunapiga kura tena kati ya walewale, au tunaanza upya tangu mlangoni?

Mahakamani ubishi wa namna hii una historia ndefu, na sehemu yake imepita hapa hapa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, ilifanyia kazi zake katika jengo la AICC, yaani Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha. Mwaka 2006 ilimhukumu Tharcisse Muvunyi, afisa wa jeshi la Rwanda, kifungo cha miaka 25. Mwaka 2008 majaji wa rufaa wakaitengua hukumu hiyo na kuagiza asikilizwe upya kwa tuhuma moja, ya uchochezi. Mwaka 2010 akahukumiwa miaka 15. Ile miaka 25 haikujumlishwa na 15, wala haikupunguzwa ikawa 15. Ilikwisha kufutwa, na majaji wapya walianza na karatasi nyeupe juu ya tuhuma ile moja. Wanasheria wetu wanasema kesi "kusikilizwa upya" au "kuanza upya", na wamechagua vizuri. "Kesi kurudiwa", kama magazeti mengine yanavyoandika, huacha msomaji na wasiwasi kwamba mtu anaadhibiwa mara mbili.

Sheria yetu pia imeweka mpaka wa lini kazi ifanywe upya. Katika kesi ya Fatehali Manji dhidi ya Jamhuri, mwaka 1966, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kesi itaagizwa isikilizwe upya pale tu usikilizwaji wa kwanza ulipokuwa batili au wenye kasoro, si kwa ajili ya kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Uamuzi huo bado unatajwa mahakamani kwetu hadi leo. Naupenda kwa sababu unatenganisha vitu viwili ambavyo "redo" ya mtaani inavichanganya: kufanya upya kwa sababu njia ilikuwa mbovu, na kujaribu tena kwa sababu hukupenda matokeo.

Lakini kama kuna mahali nataka neno lichaguliwe kwa uangalifu kuliko pote, ni hospitalini.

Mgonjwa wa kifua kikuu anaambiwa, "utarudia kipimo cha makohozi." Anatoka akiwa na kopo mkononi na hofu kifuani. Anajiuliza: walikosea? Dawa hazifanyi kazi? Ndugu zake nyumbani wanajiuliza hivyo hivyo, na jirani anayesikia naye anaongeza la kwake. Kumbe kuna sababu mbili zisizofanana kabisa za kuambiwa maneno hayo.

Sababu ya kwanza: alicholeta maabara kilikuwa mate, si makohozi. Mtu hajakohoa kutoka ndani ya kifua, ametema tu. Sampuli ya namna hiyo haisemi lolote la kutegemewa, kwa hiyo inaachwa na nyingine inatakiwa. Hiki ni kipimo kufanywa upya. Cha kwanza ni kama hakijafanyika, na hakuna jibu lolote pale, baya wala zuri.

Sababu ya pili ni tofauti kabisa. Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi 6. Miezi 2 ya mwanzo mgonjwa hutumia dawa za aina nne, na mwisho wa miezi hiyo makohozi hupimwa tena ili kuona kama vijidudu vimepungua. Hapa jibu la kwanza ni la thamani kubwa, limeandikwa kwenye kadi, na bila hilo jibu la pili halina cha kulinganishwa nacho. Hakuna aliyekosea. Kipimo hiki ni sehemu ya safari. Zaidi ya hapo, hata chombo kinaweza kubadilika. Mashine ya GeneXpert, inayotumika sana kugundua ugonjwa, husoma vinasaba vya bakteria, na vinasaba vya bakteria waliokufa navyo huonekana. Kwa hiyo katika kufuatilia maendeleo ya mgonjwa hutumika darubini. Mgonjwa anaweza kuambiwa "rudia kipimo" na kipimo chenyewe kisiwe kile kile.

Muuguzi aliyebanwa na foleni ndefu anahitaji sekunde chache tu kusema: "Bibi, yale yalikuwa mate, tunaomba ulete upya, kohoa kutoka ndani kabisa asubuhi kabla hujala." Au: "Baba, umefikisha miezi miwili, tunakupima tena tuone dawa zinavyokwenda." Mgonjwa akisikia la kwanza anajua la kufanya kesho asubuhi. Akisikia la pili anaweza hata kufurahi. Akiambiwa tu "utarudia", anabeba hofu ambayo haikuwa na sababu ya kuwepo.

Vyuoni na shuleni vijana wetu wamejitengenezea msamiati wao, na nauheshimu kwa sababu umejibu swali la "ya kwanza inakwenda wapi" kwa ufasaha kuliko kamusi nyingi. Aliyemaliza kidato cha nne akakosa alama anazotaka anarisiti: anajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, namba yake ya kituo inaanza na P badala ya S, na anafanya masomo anayoyataka. Cheti chake cha kwanza hakifutwi, kinabaki na mwaka wake. Mwanafunzi wa chuo aliyeanguka somo moja ana sapu: anafanya mtihani wa pili wa somo lile, na vyuo vingi humwandikia C tu hata akifaulu kwa alama za juu, yaani la kwanza bado linamkumbuka. Akianguka na hapo anabeba keri, analisoma somo lenyewe tena mwaka unaofuata, darasani, pamoja na walio nyuma yake. Anayeugua siku ya mtihani anafanya speshio, na huyu harudii chochote, kwa kuwa hajawahi kuufanya. Na yule wa shule anayebaki darasani tunasema amekariri darasa. Kariri hiyo hiyo, kutoka Kiarabu, ndiyo ya kukariri shairi, kwa kuwa aliyelishika moyoni alilisema tena na tena. Mzazi anayesikia maneno haya yote akayaita "anarudia mtihani" anakosa habari muhimu za mwanawe: ni somo moja au mwaka mzima, ni ada ya mtihani tu au ya masomo yote.

Kwenye kompyuta neno linageuka tena, na hapa ndipo hata wataalamu huteleza. Kwenye programu za kuandikia, "redo" haliko peke yake. Ni mwenza wa "undo", tendo la kuondoa ulichofanya. Kiswahili cha kompyuta kiliunda tendua, na sijui kama kuna aliyelishukuru neno hilo inavyostahili. Funga na fungua, ziba na zibua, tenda na tendua: mtoto wa darasa la tatu analielewa bila kufundishwa.

Nenda steshenari yoyote karibu na stendi ya Moshi utaona jinsi linavyofanya kazi. Kijana anamchapia mama barua ya kuomba mkopo wa kikundi. Mama anasema toa aya ya pili, kijana anaifuta. Mama anafikiri, anasema hapana, irudishe. Kijana anabonyeza Ctrl na Z, aya inarudi. "Hapana mwanangu, ilikuwa nzuri bila hiyo." Sasa anabonyeza Ctrl na Y, aya inaondoka tena. Kitufe hiki cha pili ndicho "redo". Kimerudisha tendo lile lile la kufuta ambalo lilikuwa limetenduliwa, bila kuunda kitu kipya. Ndiyo maana naona rudisha au rejesha lingefaa hapo kuliko "fanya upya" au "rudia" linaloonekana kwenye baadhi ya programu zilizotafsiriwa.

Kuna mitego miwili hapo, na kila anayechapa kazi za watu anafaa kuijua. Kwanza, ukishatendua kisha ukaandika hata herufi moja mpya, programu nyingi husahau kila kilichokuwa kinasubiri kurejeshwa. Kimekwenda. Pili, katika Word, kama hakuna kilichotenduliwa, Ctrl na Y hurudia tendo lako la mwisho. Umeweka neno kwenye herufi nzito? Chagua neno jingine, bonyeza, nalo linakuwa zito. Kitufe kimoja, kazi mbili: kurejesha na kurudia. Waliotengeneza programu wameziweka chini ya kidole kimoja, na anayefundisha kompyuta kwa Kiswahili ana wajibu wa kuzitenganisha kwa maneno.

Kuhusu umbo la neno lenyewe, mambo ni machache. Halina kistari katikati, hutamkwa "riiduu", na wakati uliopita ni "redid", kisha "redone". Kile kiambishi cha mbele, "re", kilitoka Kilatini kupitia Kifaransa na kilibeba maana mbili, nyuma na tena, njia ile ile iliyopitwa na rudi yetu kutoka mwendo hadi marudio. Waingereza wa kale walikuwa na kiambishi chao, "ed", wakakiacha. Usidhani lakini kwamba kila neno linaloanza hivyo lina maana ya tena. "Receive" ni kupokea, wala hakuna kupokea mara ya pili ndani yake.

Kistari kinapohitajika, kinahitajika kweli. "Recover" ni kupona, "re-cover" ni kuwamba au kufunika upya, kama viti vya gari la watalii vilivyochanika. Linalowaponza watu zaidi ni "resign" na "re-sign". La kwanza ni kujiuzulu. La pili, lenye kistari, ni kusaini tena. Kila msimu wa watalii unapokaribia, madereva na waongozaji wengi wa Arusha hujaza barua za mikataba kwa Kiingereza, na anayetaka kuongeza mkataba akisahau kistari amemwandikia mwajiri kwamba anaacha kazi. Kwa barua hiyo, "renew" ni salama zaidi. Au iandikwe kwa Kiswahili: naomba kuongezewa mkataba.